Pizzicato Five: Waliharibika au Walibadilika Tu?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mwaka huu nilikutana na wimbo “Twiggy Twiggy” wa kundi la Kijapani liitwalo Pizzicato Five, nikanasa. Nikazitafuta albamu zao nyingine na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Moja imejaa violini na sauti ya upole kama filamu ya zamani, nyingine anaimba mwanamume tena anaimba soul, nyingine ni disko mwanzo mwisho. Tuko mashabiki wachache tunaopenda muziki wa Japani na sasa tumegawanyika. Wapo wanaosema kundi lilikufa Takao Tajima alipoondoka, wapo wanaosema lilizaliwa Maki Nomiya alipoingia, na wapo wanaodai kwamba kuanzia 1995 walikuwa wanajirudia na kuuza nguo nzuri tu. Nani ana haki? Na mgeni aanzie wapi?

Jibu: Marahaba. Nianze na hukumu, halafu nitoe sababu. Wa kwanza wamekosea. Wa pili wamekosea kidogo. Wa tatu wana hoja, ila wameikamata mkiani. Kilichobadilisha sauti ya kundi hili kuliko kitu kingine chochote hakikuwa mwimbaji kuingia wala mwimbaji kutoka. Kilikuwa ni kuondoka kwa mtu ambaye hamjamtaja kabisa katika ubishi wenu: Keitaro Takanami, mwaka 1994.

Lakini ili hilo lieleweke, inabidi tuwafahamu kwanza watu wenyewe. Pizzicato Five lilikuwa kundi la wasikilizaji kabla halijawa kundi la wanamuziki. Yasuharu Konishi, kijana wa Sapporo, na huyo Takanami walikutana Tokyo wakiwa wote wawili na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa santuri. Walisikiliza Burt Bacharach, mtunzi wa pop wa Marekani, muziki wa filamu za kijasusi za miaka ya 60, bosanova, pop ya Ufaransa, soul ya Marekani, na yale makundi madogo ya California yaliyoimba kwa sauti laini na kusahauliwa na Wamarekani wenyewe. Jina lina “tano” ndani yake, na walipolichukua katikati ya miaka ya 80 walikuwa watano kweli, lakini singo ya kwanza ilipotoka mwaka 1985 walikuwa wameshabaki wanne. Tangu hapo hesabu na jina havikupatana tena.

Wakati nao uliwabeba. Septemba 1985 mataifa makubwa yalikubaliana kuishusha thamani dola, na yeni ikapanda kwa kasi ya ajabu. Dola moja iliyokuwa ikigharimu takriban yeni 240 kabla ya makubaliano hayo ilikuwa imeshuka hadi karibu yeni 130 mwaka 1988. Kwa mwanauchumi hiyo ni habari ya viwanda na mauzo ya magari. Kwa kijana wa Tokyo mwenye kazi ya mshahara mdogo maana yake ilikuwa nyingine: santuri iliyotoka London au New York, mpya au ya mtumba, sasa ilikuwa ndani ya uwezo wake. Mitaa ya Shibuya, eneo la maduka jijini Tokyo, ikajaa maduka ya muziki kutoka nje, na mwaka 1990 HMV wakafungua duka lao kubwa hapohapo. Ndiyo maana mtindo huu wote ukaja kuitwa Shibuya-kei, yaani wa Shibuya. Haukuwa na mdundo mmoja unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Ulikuwa muziki wa watu waliokuwa wakipekua rafu zilezile.

Sasa ukilijua hilo, mabadiliko ya sauti hayakushangazi tena. Konishi alipozama kwenye rafu ya soul, kundi lilipiga soul. Alipohamia rafu ya muziki wa filamu, ukaisikia filamu.

Twende kwa mpangilio. Singo ile ya 1985, “Audrey Hepburn Complex”, ilitayarishwa na Haruomi Hosono wa Yellow Magic Orchestra, kundi maarufu la muziki wa elektroniki la Japani, na ilitoka kwenye lebo yake ya Non-Standard. Kwa hiyo walianza na vinanda vya umeme na mashine za ngoma, kama ilivyokuwa ada ya miaka ile. Albamu ya kwanza, Couples ya 1987, ikageuka kabisa: violini, piano, tarumbeta za mbali, na sauti ya Mamiko Sasaki inayoimba kana kwamba hataki kumwamsha mtu chumba cha pili. Huo ndio ule upole ulioniandikia. Ni albamu nzuri sana, na haikuuzika. Mwaka huohuo vijana wa Japani walikuwa wazimu kwa makundi ya rock, Boøwy wakiwa kileleni na The Blue Hearts ndio wanatoa albamu yao ya kwanza. Nani angesimama kusikiliza violini? Sasaki na mpiga kinanda Ryo Kamomiya wakaondoka.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Konishi na Takanami wakamleta Takao Tajima, ambaye tayari alikuwa na kundi lake, Original Love. Tajima ni mwimbaji wa kifua. Anavuta pumzi, anabembeleza, anapaza sauti, na muziki ukamfuata: Bellissima! ya 1988 ni soul ya suti na tai, On Her Majesty’s Request ya 1989 inacheza na ujasusi wa kwenye filamu. Naelewa kwa nini baadhi yenu mnaipenda enzi hii. Ndiyo enzi pekee ambayo mwimbaji alikuwa na nguvu kuliko wimbo. Na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzako: kwa sikio langu, hilo lilikuwa tatizo. Nyimbo za Konishi zimeandikwa na mtu anayetazama mambo kutoka pembeni, mtu anayetabasamu nusu. Ukimpa mwimbaji anayetoa moyo wote hadharani, kile cha pembeni kinapotea. Tajima mwenyewe alipaswa kuchagua, akachagua Original Love, na huko alifanikiwa sana. Kwa hiyo kundi halikufa alipotoka. Alirudi nyumbani kwake.

Kabla ya kutoka, 1990, walitoa Soft Landing on the Moon, ambayo ndani yake walizirekodi upya nyimbo zao za nyuma. Watu huiruka albamu hii, na wanakosea. Ni kundi linalojishughulikia lenyewe kama santuri ya zamani: nyimbo zetu tulizozipiga hivi jana, leo tuzipige vile. Tabia hiyo haikuwaacha mpaka mwisho.

Nomiya sasa. Si kweli kwamba Konishi aliokota msichana mrembo mtaani akamvalisha. Maki Nomiya alikuwa ametoa albamu yake mwenyewe tangu 1981, Pink no Kokoro, kisha akaimba na kundi la Portable Rock. Alipojiunga 1990 alikuwa na miaka tisa ya kazi nyuma yake. Na wimbo uliokunasa wewe, “Twiggy Twiggy”, haukuandikwa na Konishi! Ni wa Nanako Sato, na Nomiya aliurekodi mara ya kwanza kwenye albamu ileile ya 1981. Mwaka 1991 kundi likauchukua, likaufungua, likaujaza vipande vya muziki wa miaka ya 60 na mdundo wa kasi, na ukawa kadi yao ya kujitambulisha duniani. Zitafute zote mbili uzisikilize mfululizo. Mwimbaji yuleyule, wimbo uleule, miaka kumi katikati. Utajifunza mengi zaidi kuhusu Pizzicato Five kwa dakika saba au nane kuliko kwa ubishi wa wiki nzima.

Kilichobadilika ni mashine. Mwishoni mwa miaka ya 80 vifaa vya kunasa vipande vya sauti vilikuwa vimeingia studio za kawaida. Kabla ya hapo, ukitaka violini za Bacharach, ilibidi umlipe mtu aandike nota na uwalipe wapigaji wakae studio siku nzima. Couples ilitengenezwa kwa njia hiyo, ndiyo maana ilikuwa ghali na ndiyo maana inapumua. Ukiwa na mashine, unakata sekunde mbili za ngoma kutoka santuri ya 1968, unazizungusha, unaweka besi juu yake, umemaliza. Mpenda santuri aliyekuwa akiiga sauti za santuri sasa angeweza kuziweka zenyewe ndani ya wimbo. This Year’s Girl ya 1991 ni furaha ya mtu aliyepewa ufunguo huo. Ina mazungumzo, ina matangazo ya kubuni, ina mdundo unaokatika ghafla.

Na sauti ya Nomiya ilifaa. Hatetemeshi sauti, halii, hapandishi mabega. Anauvaa wimbo kama mwanamitindo anavyovaa gauni: gauni ndilo linaloonekana, lakini mweke mtu mwingine ndani yake uone litakavyoning’inia. Wanaosema kwamba “haimbi sana” wanasema kweli, na ndiyo kazi aliyopewa.

Sweet Pizzicato Five ya 1992 iliwapeleka kwenye house, muziki wa klabu wenye nyimbo ndefu za kuchezea. Mwaka uliofuata ikaja Bossa Nova 2001, ambayo bosanova ndani yake ni ya kutafuta kwa tochi. Aliitayarisha Keigo Oyamada, yule aliyetoka kundi la Flipper’s Guitar na kuendelea peke yake kwa jina la Cornelius, na alichowaletea ni mwanga: gitaa, tarumbeta, viitikio vinavyofunguka. “Sweet Soul Revue” ulitumika kwenye tangazo la vipodozi vya Kanebo, na hapo Japani nzima ikawajua. Majalada ya enzi hiyo yalitoka kwenye ofisi ya Mitsuo Shindo, msanifu aliyezipa sura santuri nyingi za Shibuya-kei, na mimi sioni aibu kusema kwamba ukinunua albamu hizi kwa ajili ya jalada hujakosea. Kwao jalada, wigi na wimbo vilikuwa kazi moja.

Desemba 1993 ulitoka wimbo ambao ningeutetea mbele ya mahakama yoyote: “Tokyo wa Yoru no Shichiji”, ni saa moja usiku Tokyo. Sikiliza haraka utadhani ni wimbo wa disko kuhusu jiji linalong’aa. Maneno yake ni ya mtu anayekatiza mji usiku kwenda kukutana na mpenzi, na mgahawa walioahidiana kukutania umeshafilisika, haupo. Huu ni mwaka 1993. Soko la hisa la Japani lilikuwa limeanza kuporomoka tangu 1990, bei za ardhi zikafuata, na biashara zikawa zinafungwa kweli. Konishi hakuandika wimbo wa malalamiko. Aliiweka habari hiyo katika mstari mmoja, kisha mdundo ukaendelea. Wenzako wanaosema kundi hili lilikuwa nguo tu, waulize kama wamewahi kuyatafuta maneno ya wimbo huu. Mwaka 2016, kwenye sherehe ya kufunga Michezo ya Walemavu ya Rio, Tokyo ilipokabidhiwa zamu yake, ni wimbo huu uliopigwa, kwa mpangilio mpya.

Tumefika 1994. Takanami akatoka, wakabaki wawili: Konishi na Nomiya.

Kwa nini naliona hili kubwa kuliko mengine? Kwa sababu hadi hapo kundi lilikuwa na watunzi wawili wa kudumu. Konishi ni mtu wa wazo: jina la wimbo, utani, kipande cha santuri, picha nzima ya jambo. Takanami alikuwa mtu wa mahadhi ya upole. Yeye pia aliimba, na alitunga nyimbo zenye kwenda polepole na kugeuka mahali usipotarajia. Katika albamu za 1991 hadi 1993 utamsikia kila baada ya nyimbo mbili tatu: ghafla kelele inapungua, mtu anaimba kawaida, unapumzika, halafu sherehe inaendelea. Mapumziko hayo ndiyo yanayofanya sherehe isichoshe. Baada ya 1994 wa kuyaleta hayupo, na Konishi analazimika kuwa sherehe na mapumziko peke yake.

Overdose, iliyotoka mwaka huohuo, bado imesimama vizuri, imejaa soul na fanki. “Happy Sad” umo humo, na jina lake peke yake linaeleza kundi zima. Romantique 96 ya 1995 naipenda zaidi ya wengi. Kisha Konishi akaanza kufikiri kama dijei. Happy End of the World ya 1997 imejengwa kwa mizunguko: kipande kinarudi, kinaongezwa kitu, kinarudi tena, na sauti ya Nomiya wakati mwingine inatumika kama kipande kingine tu katika mchanganyiko. Hapa ndipo kambi yenu ya tatu inaposema “wanajirudia”. Wamesikia sawasawa, wamekosea maana. Kujirudia ndiyo lugha ya muziki wa klabu. Kama hupendi klabu, sema hupendi klabu. Usiseme mtu amechoka. Ninachokubaliana nao ni kwamba nyimbo zenye mahadhi ya kubaki kichwani kesho yake zilipungua, na zilipungua kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Playboy & Playgirl ya 1998 inarudi upande wa nyimbo zenye umbo, na ina wimbo “La Dépression” ambao jina lake la Kijapani linataja hali mbaya ya uchumi. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia, Novemba 1997, kampuni kubwa ya hisa ya Yamaichi ilikuwa imeanguka, kwa hiyo utani ule ulikuwa na makali nyumbani kuliko ulivyosikika nje. Albamu ya 1999 iliyobeba jina la kundi ni nadhifu, na sina mengi ya kuisemea. Ya mwisho, Çà et là du Japon, ilitoka siku ya Mwaka Mpya 2001. Baada ya miaka yote ya kutazama Paris, London na New York, waliitazama Japani yenyewe, wakiwa na waimbaji wengi wageni. Tarehe 31 Machi 2001 wakavunja kundi kwa hiari yao.

Kuna jambo moja zaidi linalochochea ubishi kati ya mashabiki wa nje na wa Japani, na nadhani ndilo lililowapata ninyi. Lebo ya Matador ya Marekani ilipoanza kuwatoa, 1994, haikutoa albamu zao kama zilivyo. Made in USA ni mkusanyiko uliochuma nyimbo kutoka albamu kadhaa za Kijapani za miaka ya mwanzo ya 90, na The Sound of Music ya 1995 ilifuata njia hiyohiyo. Msikilizaji wa Chicago au Berlin akapata house ya 1992, soul ya 1993 na vipande vya 1991 vyote kwenye diski moja, akadhani hiyo ndiyo sauti ya kundi: mchanganyiko wa kila kitu kwa wakati mmoja. Zilipomfikia albamu nzima nzima baadaye, kila moja ikiwa na rangi yake, akahisi wamebadilika. Mjapani aliyenunua kila toleo lilipotoka aliyaona mabadiliko hayo kidogo kidogo na hakushtuka. Tajima, kwa wengi wa nje, alikuwa habari iliyogunduliwa baadaye, ndiyo maana wapenzi wake huko wanamtetea kwa ukali wa mtu aliyevumbua kitu.

Uanzie wapi? Ningekupa Bossa Nova 2001 kwanza, nzima, bila kuruka. Ukiipenda kwa ajili ya mahadhi, rudi nyuma hadi Couples na usiogope upole wake. Ukiipenda kwa ajili ya mdundo, nenda mbele: Overdose, halafu Happy End of the World kwa sauti ya juu, ukiwa na spika zenye besi, maana kwenye simu haisikiki chochote cha maana. Bellissima! iache mpaka hapo, kisha isikilize kama kundi jingine linalotokea kuwa na mtunzi yuleyule. Utaifurahia zaidi hivyo. Na ukitaka kuona Konishi alikuwa nani bila wigi na taa, tafuta alichokifanya mwaka 2011 kwa jina la Pizzicato One: albamu ambayo jina lake linamaanisha nyimbo kumi na moja za huzuni sana, na kweli ni za huzuni. Niliposikia hiyo ndipo nilipokwenda kuzisikiliza upya zile za furaha.

Tahadhari ya mwisho kwa mnunuzi. Matoleo ya Japani na ya Matador hutofautiana majina na mpangilio. Playboy & Playgirl nje ya Japani iliitwa The International Playboy & Playgirl Record, na ile ya 1999 ilitoka Marekani mwaka 2000 ikiitwa The Fifth Release from Matador. Ukiziona sokoni usilipe mara mbili ukidhani umepata albamu nyingine. Na mkisharudi kwenye ubishi wenu, mweke Takanami mezani, uone nani atanyamaza kwanza.